Dokta Aggrey: Mwalimu Aliyepita Dar es Salaam Mwaka 1924

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba tunawataja watu walioleta Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961. Tunamtaja Baba wa Taifa, tunamtaja Bibi Titi Mohamed, tunawataja wazee wa TANU wa Dar es Salaam na wa mikoani. Mwaka huu, katika jarida letu hili la kumbukumbu, naomba niongeze jina la mtu ambaye hakuzaliwa Tanganyika, hakuwahi kuishi Tanganyika, na alifariki dunia miaka 34 kabla bendera yetu haijapandishwa. Alikuwa mwalimu. Alisoma na kufundisha hapa hapa Marekani tunapoishi sisi, na alikaa ughaibuni miaka 22 kabla ya kukanyaga tena ardhi ya Afrika.

Jina lake ni James Emman Kwegyir Aggrey. Wengi wetu tumelitamka jina hilo mara nyingi tukiwa Kariakoo, tukielekea Mtaa wa Aggrey kununua simu au nguo, bila kujiuliza lilikuwa jina la nani. Wapenzi wa soka wanamkumbuka Aggrey Morris, beki wa Azam na Taifa Stars. Afrika Mashariki ina akina Aggrey wengi. Jina limebaki, lakini mwenye jina tumemsahau.

Nimemchagua kwa sababu moja. Kila mwaka katika sherehe zetu tunawapongeza vijana wetu waliohitimu vyuo, picha zao za majoho tunazipiga na kuzituma nyumbani, na ni haki yao. Lakini pembeni ya pongezi hizo huwa kuna mabishano ambayo sote tunayajua. Wapo wanaosema msomi anayebaki ughaibuni amepotea, na wapo wanaosema shahada ni ya mtu binafsi na haina deni kwa yeyote. Maisha ya Aggrey yanatusaidia kulifikiria jambo hili upya, kwa kuwa yeye aliishi pande zote mbili.

Mtoto wa msemaji wa chifu

Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabu, ufukweni mwa nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Kabila lake ni Wafante. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa chifu. Katika mila za kule, chifu hazungumzi na watu moja kwa moja. Yupo mtu wa hekima anayeyapokea maneno na kuyapanga vizuri kabla ya kuyafikisha. Kazi hiyo hupewa mtu mwenye ulimi mzuri na kumbukumbu kubwa. Waliomsikia Aggrey akihutubia baadaye walikubali kwamba kipaji hicho alikirithi kwa baba.

Alibatizwa mwaka 1883 na kusoma katika shule za Wamethodisti mjini Cape Coast. Alikuwa kijana aliyependa vitabu kupita kiasi, na mapema sana alianza kufundisha. Kabla hajafikisha miaka 25 alikuwa tayari mwalimu mkuu wa shule ya Wamethodisti mjini hapo. Pia alishiriki katika harakati za wazalendo wa Gold Coast waliopinga sheria ya mwaka 1897 ambayo ingeiwezesha serikali ya kikoloni kujimilikisha ardhi zao. Kwa hiyo alipoondoka nyumbani hakuwa mtu asiye na kazi anayekwenda kubahatisha. Alikuwa na cheo, alikuwa na heshima, na aliviacha vyote ili akasome zaidi.

Salisbury, North Carolina

Aliyemtafutia nafasi alikuwa Askofu John Bryan Small wa kanisa la AME Zion, kanisa la Wamarekani weusi. Kanisa hilo lilikuwa na chuo chake, Livingstone College, katika mji mdogo wa Salisbury, North Carolina. Aggrey aliondoka Gold Coast mwezi Julai 1898.

Tukumbuke alifika mwaka gani. Novemba 1898, katika jimbo hilo hilo la North Carolina, kundi la wazungu wenye silaha liliuvamia mji wa Wilmington, likaua watu weusi na kuuangusha kwa nguvu uongozi halali wa mji. Miaka miwili baadaye jimbo lilibadili katiba yake kwa namna iliyowaondolea weusi wengi haki ya kupiga kura. Mwezi Agosti 1906, mjini Salisbury kwenyewe, genge la watu liliwatoa gerezani wanaume watatu weusi na kuwanyonga bila hukumu. Wakati huo Aggrey alikuwa mwalimu katika mji huo, mume wa mtu, ameoa mwaka mmoja tu uliopita. Tukilalamika leo kuhusu ugumu wa maisha ya ugenini, na tunayo ya kulalamikia, ni vizuri tujue waliotutangulia walipita wapi.

Alihitimu shahada yake ya kwanza mwaka 1902 kwa heshima za juu, na chuo kikamwajiri palepale. Alifundisha Livingstone hadi mwaka 1920. Mwaka 1903 alipewa daraja la uchungaji, na mwaka 1905 alimwoa Rose Douglass, binti wa Virginia, naye msomi na mwalimu. Walijaliwa watoto wanne.

Mshahara wa mwalimu wa chuo cha weusi haukutosha. Ili kuongeza kipato, na pia kwa wito wake, Aggrey alichukua uchungaji wa makanisa mawili madogo ya vijijini nje ya Salisbury. Waumini wake walikuwa wakulima maskini, wengi wakilima mashamba ya wengine na kuishi kwa madeni ya dukani. Mwanachuo huyu aliyejua Kilatini na Kigiriki alikaa nao akazungumza nao kuhusu udongo, mbegu na madeni. Alikuwa miongoni mwa waliowahimiza wakulima weusi wa wilaya hiyo ya Rowan kuunda ushirika wa akiba na mikopo, ambao sisi leo tungeuita SACCOS. Hilo nalihesabu kuwa sehemu ya elimu yake sawa na vyeti vyake.

Mwanafunzi wa likizo, kitivo cha elimu Columbia

Huku akifundisha, akihubiri na kulea watoto, Aggrey aliendelea kusoma. Chuo alichokipenda kilikuwa Columbia, New York. Columbia ina kitivo cha elimu kinachojulikana kwa jina la Teachers College, kilichounganishwa na chuo kikuu hicho mwaka 1898, mwaka uleule Aggrey aliposhuka melini. Kitivo hicho kiko Mtaa wa 120, jirani na Harlem, na katika miaka hiyo ndicho kilichoongoza duniani kwa mafunzo ya ualimu. Kilikuwa na masomo ya likizo za kiangazi, yaliyowafaa walimu wasioweza kuacha kazi.

Hivyo ndivyo Aggrey alivyosoma. Chuo cha Salisbury kikifungwa kwa likizo, alipanda treni kwenda New York, akasoma elimu, saikolojia na sosholojia, kisha akarudi kufundisha. Alikuwa na umri wa karibu miaka 40, darasani pamoja na vijana. Shahada ya uzamili ya Columbia aliipata mwaka 1922, akiwa na miaka 46.

Wasomaji wengi wa jarida hili wataielewa habari hii bila kuelezwa zaidi. Mimi ni muuguzi, shahada yangu nimeipata hapa Marekani, na darasani kwetu tulikuwepo kinamama wa Kitanzania tuliotoka zamu ya usiku moja kwa moja kwenda kwenye mhadhara, watoto tumewaachia jirani. Kusoma ukiwa mtu mzima mwenye mizigo kuna adabu yake. Hupotezi muda wa mwalimu, na kila unachojifunza unakijaribu kesho yake kazini.

Ni huko Columbia ambako uwezo wake ulionekana na Thomas Jesse Jones, mtaalamu wa elimu wa mfuko wa hisani wa Phelps-Stokes wa New York. Mfuko huo ulipoamua kutuma tume kuchunguza elimu ya Waafrika, Jones alimwita Aggrey awe mjumbe. Katika tume hiyo Mwafrika alikuwa yeye peke yake.

Kurudi Afrika kama mgeni

Tume ya kwanza ilisafiri mwaka 1920 na 1921. Ilipita Sierra Leone, Liberia, Gold Coast, Nigeria, Kongo, Angola na Afrika Kusini. Aggrey alikuwa ameondoka nyumbani kijana wa miaka 22. Alirudi mtu wa miaka 44, mwenye lafudhi ya Kimarekani na nywele zinazoanza kuwa mvi.

Alikotoka Marekani alikuwa amezoea ubaguzi, na alipofika Afrika aliukuta tena. Afrika Kusini ilikuwa na milango ambayo wajumbe wenzake waliingia na yeye hakuingia. Alichokifanya ni kuhutubia. Alizungumza na weusi, akazungumza na weupe, makanisani, shuleni na katika kumbi. Alipenda kufananisha rangi za watu na piano: ukipiga vibao vyeupe peke yake unapata sauti, ukipiga vyeusi peke yake unapata sauti, lakini muziki kamili unahitaji vyote viwili. Hadithi yake nyingine, iliyosambaa Afrika nzima hadi kwenye vitabu vya shule, ni ya tai aliyelelewa bandani na kuku akaamini kuwa yeye ni kuku, mpaka alipopelekwa mlimani kutazama jua likichomoza. Kila msikilizaji mweusi alijua tai ni nani.

Vijana walimsikia. Lagos, kijana Nnamdi Azikiwe alimsikiliza akatoka na nia moja, kwenda Marekani kusoma. Afrika Kusini, kijana kutoka Nyasaland aliyekuwa akifanya kazi huko, Hastings Banda, naye aliguswa na mfano wake.

Dar es Salaam, 1924

Tume ya pili ilikuja kwetu. Mwaka 1924 ilitembelea Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kisha ikaendelea kusini. Tanganyika ilikuwa imetoka vitani miaka michache tu nyuma. Mjerumani alikuwa ameondoka, Mwingereza ameingia, na shule zilikuwa chache, nyingi zikiwa za misheni.

Dar es Salaam alikuwepo kijana mmoja aitwaye Kleist Sykes. Alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Mzulu kutoka Msumbiji, aliletwa nchini kama askari wa Wajerumani. Kleist mwenyewe alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia chini ya von Lettow-Vorbeck, na baada ya vita aliajiriwa na shirika la reli. Hakuwa na shahada. Alikuwa na akili ya kuona mbali na tabia ya kuandika mambo yake.

Kwa maelezo aliyoyaacha Kleist mwenyewe, alikutana na Aggrey katika ziara hiyo ya mwaka 1924, na Aggrey alimshauri kwamba Waafrika wa Tanganyika waunde chama cha kuwaunganisha wote. Mgeni akaondoka na tume yake. Wasomaji wa haraka wa historia wangeona hapo hakuna kilichotokea: mtu amekuja, amezungumza, amekwenda zake. Kleist aliondoka na wazo, akakaa nalo miaka mitano. Tutalirudia.

Waliomlaumu

Nisingekuwa mkweli kama ningemwandika Aggrey kama malaika. Katika uhai wake walikuwepo watu weusi, tena wasomi wakubwa, ambao hawakukubaliana na kazi ya tume ile. Ripoti zake zilisisitiza kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na mazingira yake: kilimo, afya, ufundi, usafi wa nyumba. Nchini Kenya matunda yake yalikuwa Jeanes School ya Kabete, iliyoanza mwaka 1925 kuandaa walimu wa kusaidia shule za vijijini. W. E. B. Du Bois, mhariri wa jarida la The Crisis, alimpinga Jones waziwazi. Aliona kwamba elimu ya namna hiyo, ikipangwa na watu wenye mashamba makubwa na migodi, mwisho wake ni kumwandaa Mwafrika awe kibarua hodari. Wafuasi wa Marcus Garvey nao walimwona Aggrey mpole mno, kwa kuwa alipinga hadharani siasa za Garvey na kuamini katika ushirikiano na wazungu.

Lawama hizo zina uzito. Walowezi waliipenda sehemu ya jembe katika ripoti ile na hawakuwa na haraka na sehemu ya vitabu. Lakini Aggrey hakuwa na maana hiyo. Mtu aliyesoma Kilatini na Kigiriki, na aliyekaa darasa la Columbia akiwa na mvi, hakuweza kuamini kwamba akili ya Mwafrika iishie kwenye jembe. Alitaka vyote viwili, elimu ya juu na elimu ya kijijini. Nchi yetu ilikuja kulijaribu jambo hilohilo mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea na kupeleka mashamba shuleni. Tofauti ni kwamba safari hii uamuzi ulikuwa wetu, na makosa yakawa yetu pia. Tunaweza kubishana juu ya matokeo yake, na tuliolima shamba la shule tunayo ya kusema, lakini hatubishani kwamba wenye watoto ndio walioamua.

Achimota

Mwaka 1924 Aggrey alipata kazi aliyoitamani maisha yake yote. Gavana wa Gold Coast, Gordon Guggisberg, alikuwa anajenga chuo kikubwa eneo la Achimota, karibu na Accra. Mkuu wake alikuwa Mchungaji A. G. Fraser, aliyewahi kuongoza Trinity College ya Kandy, Ceylon. Aggrey aliteuliwa msaidizi wa makamu mkuu wa chuo. Wadogo kwa umri na kwa uzoefu waliwekwa juu yake kwa sababu ya rangi, na yeye alilijua hilo. Alibaki, kwa kuwa alikitaka chuo kuliko cheo.

Jambo moja aliling'ang'ania: wasichana wasome pamoja na wavulana. Hoja yake ilikuwa kwamba ukimsomesha mwanamume umemsomesha mtu mmoja, lakini ukimsomesha mwanamke umeisomesha familia na taifa. Wengi wetu tulikua tukilisikia wazo hilo kwenye mikutano ya wazazi na kwenye redio, bila kuambiwa kwamba mmoja wa walioliwasha Afrika alikuwa mwalimu huyu. Achimota ikawapokea wasichana. Chuo kilifunguliwa rasmi tarehe 28 Januari 1927, na nembo yake ina vibao vya piano, vyeusi na vyeupe, kwa heshima ya mfano wake.

Mzigo wa nyumbani ulibebwa na Rose. Aliwahi kumfuata mumewe Achimota, kisha akarudi Salisbury, na huko mwezi Julai 1926 akajifungua mtoto wao wa mwisho, Rudolph. Tangu mwaka 1920 familia hiyo iliishi kwa barua. Tunaposoma kwamba fulani alizunguka bara zima akiwaamsha watu, tumuulizie na aliyebaki na watoto, akalipa bili na kuwapeleka shule. Rose aliendelea na kazi ya elimu huko North Carolina, na Rudolph alikuja kuwa balozi wa Marekani nchini Senegal na Gambia, na baadaye Romania.

Tasnifu ambayo haikumalizika

Kimoja kilikuwa bado kinamsumbua Aggrey. Watu walimwita Dokta, na udaktari alikuwa nao, lakini ulikuwa wa heshima, wa theolojia, aliopewa mwaka 1912. Ule wa kusomea, shahada ya uzamivu ya Columbia, ulikuwa umebakiza tasnifu. Katikati ya mwaka 1927 alichukua likizo Achimota, akarudi Marekani, akaiona familia, kisha akajifungia New York kuandika.

Tarehe 30 Julai 1927 alizidiwa ghafla, akapelekwa hospitali ya Harlem, akafariki. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, ile inayosababishwa na bakteria wa nimonia. Alikuwa na miaka 51. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ametimiza mwaka mmoja juma hilohilo.

Kwa jicho la kazi yangu, nafahamu wauguzi wa Harlem siku ile walikuwa na uwezo gani. Waliweza kumpoza homa, kumlaza penye giza, kumgeuza, kumpa maji kidogo kidogo na kumshika mkono. Penisilini iligunduliwa mwaka uliofuata, 1928, na ilichukua zaidi ya miaka kumi kufika wodini. Kabla yake, aliyepatwa na ugonjwa huo karibu hakika alikufa. Leo watoto wetu Tanzania wanachanjwa dhidi ya bakteria huyo kabla hawajajua kutembea.

Alizikwa Salisbury. Tasnifu ilibaki mezani.

Waliomalizia kazi yake

Mwaka 1929, miaka miwili baada ya kifo hicho, Kleist Sykes na wenzake, wakiwemo Cecil Matola na Mzee bin Sudi, waliunda African Association mjini Dar es Salaam. Matola, aliyekuwa mwalimu, akawa rais, na Kleist akawa katibu. Walikuwa watu wachache, makarani, walimu na wafanyabiashara wadogo, wa dini na makabila mbalimbali. Walitoa ada mifukoni mwao na kujenga ofisi yao New Street, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba.

Chama hicho mwaka 1948 kilikuwa Tanganyika African Association, TAA. Mwezi Aprili 1953 kilimchagua rais mpya, mwalimu wa Pugu aliyepata stashahada ya ualimu Makerere mwaka 1945 na shahada ya uzamili Edinburgh mwaka 1952, Julius Nyerere. Tarehe 7 Julai 1954, palepale New Street, TAA ikawa TANU. Miongoni mwa waasisi 17 walikuwemo wana wawili wa Kleist, Abdulwahid na Ally. Kleist mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka 1949. Miaka saba baadaye tulikuwa huru.

Sidai kwamba Aggrey ndiye aliyetuletea Uhuru. Uhuru waliuleta Watanganyika wenyewe. Ninachosema ni kwamba mhitimu mmoja alipopita mjini alitoa muda wa kuzungumza na karani wa reli kama mtu na mwenzake, na mazungumzo yale yakapata mahali pa kukaa.

Kwingineko ilikuwa hivyohivyo. Kwame Nkrumah alikuwa mwanafunzi wa ualimu Accra na Achimota enzi za Aggrey. Kifo cha mwalimu wake kilimuumiza sana, na kilimtia nia ya kwenda Marekani. Alikwenda mwaka 1935, na mwaka 1942 alipata shahada ya uzamili ya elimu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1957 aliiongoza Ghana kwenye uhuru. Azikiwe akawa rais wa kwanza wa Nigeria, na Banda rais wa kwanza wa Malawi. Jirani zetu Wakenya wana Peter Mbiyu Koinange, aliyehitimu uzamili katika Teachers College hiyohiyo mwaka 1936 na kuanzisha chuo cha ualimu Githunguri mwaka 1939 kwa michango ya wananchi. Wakoloni walikifunga wakati wa Hali ya Hatari mwaka 1952, na hilo peke yake linaonyesha walivyokiogopa chuo cha ualimu.

Tufanye nini sisi

Ndugu zangu, mabishano yetu kuhusu kubaki au kurudi hayatakwisha katika sherehe moja. Aggrey alibaki miaka 22 na hakupotea, kwa sababu popote alipokuwa alifundisha, hata wakulima wa Rowan. Kisha akarudi, na hakuwa na shahada yote aliyoitaka. Hakuna anayeikumbuka leo tasnifu ile.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa chama chetu. Katika ukurasa wa pongezi wa mwaka ujao, chini ya jina la kila mhitimu na shahada yake, tuongeze mstari mmoja: amemshika mkono nani. Kijana aliyemaliza ualimu awasaidie watoto wetu wa hapa kusoma na kuandika Kiswahili. Sisi wauguzi tuliovuka mtihani wa NCLEX, kila mmoja akae na mwenzake anayeanza, amwonyeshe njia ya kutafsiriwa vyeti, masomo ya jioni, na namna ya kulala saa nne na bado kufaulu. Mhandisi apige simu katika shule yake ya zamani, azungumze na kidato cha tatu kwa nusu saa. Hakuna kati ya haya linalohitaji harambee.

Hatuwezi kujua ni nani kati ya tunaozungumza nao atakayeondoka na wazo na kukaa nalo miaka mitano. Aggrey naye hakujua.

Heri ya Uhuru kwenu nyote, na pongezi nyingi kwa wahitimu wetu.